Namna ya kuiandaa kwaya ya mtaa kwa onyesho: mwongozo wa wiki kumi na mbili

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kwaya ya mtaa hapa Nairobi ambaye ameshaahidi watu onyesho, na sasa anajiuliza aanzie wapi. Nazungumzia kwaya ya watu wenye kazi zao: mhasibu anayetoka Upper Hill saa kumi na moja, muuguzi wa zamu, mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa Gikomba, mwanafunzi wa chuo anayeishi Kahawa. Kinachowashinda watu hawa mara nyingi ni muda, hata kuliko ugumu wa nyimbo.

Hebu tupige hesabu. Wiki 12, mazoezi mawili kwa wiki, saa mbili kila mara: saa 48. Ondoa foleni ya Thika Road, mvua, msiba wa mwenzetu, sikukuu moja au mbili, na dakika zile za kusubiri watu watimie. Ukibaki na saa 36 umebahatika. Ukiwa na nyimbo 12, kila wimbo una saa tatu tu, kuanzia nota ya kwanza hadi siku ya kuuimba mbele za watu. Weka hesabu hiyo ukutani, kisha kila unaloamua lipime kwa hizo saa tatu.

Hatua ya 1: Tarehe na ukumbi kwanza

Usichague wimbo wowote kabla ya kujua mtaimba lini na wapi.

Machi hadi Mei ni msimu wa mvua ndefu. Barabara hujaa maji, watu hukwama jioni, na ukumbi wenye paa la mabati hauimbiki mvua ikinyesha. Juni hadi Agosti kuna baridi, na mafua yakiingia kwaya hayatoki hadi yamemaliza safu zote nne: soprano, alto, teno na besi. Novemba walimu mlionao wako kwenye mitihani ya kitaifa. Desemba watu wana hamu ya nyimbo za Krismasi, lakini baada ya sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12, Nairobi huanza kumwagika kuelekea ushago, wasikilizaji na waimbaji pamoja. Kwa hiyo kama onyesho ni la Krismasi, ningelifanya wikendi ya kwanza ya Desemba. Kama si la Krismasi, mwisho wa Septemba unafaa sana. Vyovyote iwavyo, sogeza tarehe karibu na siku ya mishahara, maana mtu hununua tiketi akiwa na pesa.

Siku ya wiki nayo ina mambo yake. Kwaya ya mtaa huchanganya madhehebu. Waadventista hawatakuja mazoezi ya mchana wa Jumamosi, na wengine wana ibada Jumapili asubuhi. Jumapili kuanzia saa tisa alasiri huwa wazi kwa karibu kila mtu. Zoezi la katikati ya wiki liwe karibu na kituo cha matatu, lianze saa kumi na mbili jioni na lifungwe saa mbili usiku bila kuongeza hata dakika kumi. Mama anayeshuka Kayole au Rongai usiku anahesabu dakika hizo, na ukimchelewesha mara mbili hutamwona mara ya tatu. Panga pia nani anaondoka na nani.

Ukumbi uende ukaukague mwenyewe. Simama katikati, piga kofi moja, sikiliza sauti inakaa hewani kwa muda gani. Kanisa kubwa la mawe kama All Saints' Cathedral hulea sauti na kuirefusha, kwa hiyo nyimbo za mwendo wa pole hupendeza humo na nyimbo za haraka zenye maneno mengi huvurugika. Jumba la maigizo kama Kenya National Theatre, lililofunguliwa mwaka 1952, lina jukwaa na mapazia, na mapazia hunyonya sauti: maneno yatasikika, lakini waimbaji watahisi wametengana na watajaribu kupiga kelele. Ukumbi wa kijamii wa mtaa, kama ule wa Kaloleni, uko karibu na watu wako na wasikilizaji hawalipi nauli kufika. Nina upendeleo kwa kumbi za namna hiyo. Onyesho la kwaya ya mtaa likifanyika mtaani, majirani wanakuja.

Hatua ya 2: Chagua nyimbo kwa ajili ya watu ulionao

Hapa ndipo walimu wengi wanapopoteza onyesho zima, wiki kumi na mbili kabla. Mtu amesikia kwaya kubwa ikiimba kitu cha ajabu, ananunua nakala, anawaletea watu wake. Kumbe kile kitu kinataka teno waliogawanyika mara mbili, naye ana teno watatu, mmoja wao akiwa besi aliyeombwa asaidie.

Kwa hiyo zoezi la kwanza lisiwe la kufundisha. Liwe la kusikiliza. Mwite kila mtu, mmoja mmoja au wawili wawili, aimbe ngazi ya doh hadi doh, ukimpandisha nusu hatua kila mara hadi sauti ianze kukaza, kisha umshushe. Andika nota ya juu kabisa anayoifikia bila kukunja uso, na ya chini inayosikika kweli. Dakika tatu kwa mtu zinatosha. Ukimaliza utajua kwamba alto wako wawili ni soprano wanaoogopa, na kwamba soprano mmoja mkongwe amechoka kupanda na angefurahi kuimba alto ikiwa utamwambia kwa heshima, kando, na si mbele ya watu.

Sasa pima nyimbo kwa orodha hiyo. Mambo manne ninayoyatazama:

- Nota ya juu ya soprano na teno inakaa juu kwa muda gani? Kugusa nota ya juu mara moja wengi wataweza. Kukaa hapo mistari miwili ni jambo jingine.
- Besi wana kitu cha kuimba? Besi wakipewa nota moja dakika nne huanza kuzungumza.
- Wimbo unaweza kusimama bila kinanda? Umeme ukikatika, angalau nusu ya nyimbo zako ziweze kuendelea.
- Kuna sehemu ngapi ngumu kweli? Wimbo wenye sehemu moja ngumu unafundishika. Wenye sehemu sita utakula saa za nyimbo nyingine tatu.

Nyimbo 12 za wastani wa dakika 4 ni dakika 48 za kuimba. Ongeza kuingia, kutoka, makofi, maneno ya mshereheshaji, mapumziko na mgeni wa heshima, na onyesho limefika saa moja na nusu. Inatosha. Kati ya hizo, tatu au nne ziwe nyimbo ambazo kwaya tayari inazijua na inahitaji kuzisafisha tu. Mbili ziwe ngumu. Zaidi ya mbili ni tamaa.

Msisahau wimbo wa taifa kama mtaufungua nao. Kila mtu anadhani anaujua, hakuna anayeufanyia mazoezi, na siku yenyewe unaanzishwa juu mno na ukumbi wote unashindwa kufika. Kubalianeni ufunguo, yaani doh itakuwa wapi, muuimbe kwa sauti nne, muufanye mara mbili au tatu katika mazoezi.

Hatua ya 3: Haki za watunzi

Fupi, ila usiruke. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, utunzi wa muziki unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Handel na Mozart hawadai chochote. Lakini mtu aliyepanga upya wimbo wa kale kwa sauti nne miaka ya karibuni ana haki juu ya mpangilio wake, na mtunzi wa Kenya aliye hai ana haki juu ya wimbo wake hata kama nakala imepita mikononi mwa kwaya hamsini bila jina lake. Mtafute. Watunzi wetu wengi wanafundisha shuleni au wanaongoza kwaya hapa hapa, na huwa wanapatikana kwa simu mbili tatu. Mwombe ruhusa, mlipe mnachoweza, mwandike jina lake kwenye programu, mpeni kiti cha mbele. Kuhusu kibali cha kuimba hadharani kwa tiketi, mwulize mwenye ukumbi kama ana leseni ya muziki, na kama hana, muulize katika ofisi za Bodi ya Hakimiliki mapema.

Hatua ya 4: Nota na rekodi

Kwaya nyingi za mtaa hapa husoma solfa, nota zinazoandikwa kwa herufi za doh, re, mi, na hakuna sababu ya kuona haya. Mfumo huu ulianzishwa na Sarah Glover huko Uingereza, ukaendelezwa na kusambazwa na John Curwen katika karne ya 19, ukafika kwetu na wamisionari, nao una faida kubwa kwa kazi yetu: doh inahama. Ukiona leo kwamba ufunguo wa F unawashusha watu na unataka kuupandisha hadi F kali, karatasi haibadiliki. Unawapa doh mpya na mnaendelea. Mpiga kinanda ndiye atakayehitaji kubonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo, basi.

Nakala ziwe na namba za mistari, kila mtu awe na yake na awe na penseli. Namba hizo zitakuokolea muda mwingi kuliko hotuba yoyote. "Ukurasa wa pili, mstari wa nne, alto" ni sekunde tano. "Pale tunaposema bwana, si bwana ya kwanza, ile nyingine" ni dakika mbili mara thelathini.

Kwa wasiosoma nota kabisa, na wapo, na mara nyingi ndio wenye sikio zuri, rekodi kila sauti peke yake kwa simu. Imba polepole, taja namba ya mstari, tuma kwenye kundi la WhatsApp la sauti hiyo na si kundi la kwaya nzima. Rekodi ziwe fupi, wimbo ukatwe vipande viwili au vitatu, ili mtu aweze kusikiliza kipande kimoja kati ya Githurai na mjini. Jambo moja la kuangalia: anayejifunza kwa rekodi hujifunza na makosa ya rekodi, hata mahali pa kupumua. Rekodi ukiwa umeshaamua kila kitu.

Hatua ya 5: Mazoezi yenyewe

Wiki 1 hadi 5 ni za kujifunza nota. Wiki 6 hadi 9 ni za kuuacha waraka na kusikilizana. Wiki 10 na 11 ni za kuimba onyesho zima kwa mpangilio. Wiki ya 12 ni ya kupumzika na ukumbi. Ukifika wiki ya saba na wimbo fulani bado unasuasua, utoe. Utoe bila huruma, uuhifadhi kwa mwaka ujao. Hakuna msikilizaji aliyewahi kulalamika kwamba kwaya iliimba nyimbo kumi na moja badala ya kumi na mbili.

Zoezi la saa mbili ningeligawa hivi: dakika 10 za kupasha mwili na sauti, dakika 25 za sehemu ngumu kuliko zote wakati akili bado ni safi, dakika 30 kila sauti kivyake na kiongozi wake, dakika 10 za maji na matangazo, kisha zilizobaki ni kuimba pamoja, mkimaliza na wimbo mnaoupenda. Matangazo yawe katikati. Ukiyaweka mwanzoni, waliofika kwa wakati wanaadhibiwa kwa kusubiri. Ukiyaweka mwishoni, watu wanayasikiliza wakiwa wamevaa mikoba.

Kupasha sauti kusiwe desturi tupu. Watu wametoka kazini mabega yakiwa masikioni. Wasimame, wazungushe mabega, watikise mikono. Wavute pumzi chini, mbavu zikipanuka pembeni, kisha waitoe kwa "sss" ndefu iliyo sawa. Halafu mvumo wa midomo iliyofungwa, halafu midomo ikitetemeka kwa "brrr" huku sauti ikipanda na kushuka. Malizia kwa irabu tano, a, e, i, o, u, kwenye nota moja, bila nguvu ya sauti kubadilika kutoka irabu moja hadi nyingine. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na nitaeleza kwa nini.

*Irabu na maneno.* Kiswahili kinaimbika vizuri kwa sababu karibu silabi zake zote huishia kwa irabu. Lakini hapo ndipo tunapokosea. Chukua neno "upendo". Silabi zake ni u-pe-ndo. Nota ndefu ikiwa kwenye "pe", waimbaji wengi hukimbilia ile "n" na kuifunga, na ukumbi unasikia mvumo wa puani badala ya wimbo. Shikilia "pe" wazi hadi mwisho wa nota, kisha "ndo" ianguke kwa wakati wake, wote pamoja. Vivyo hivyo kwa "kwenda", "imba", "tangu". Kinyume chake, katika "mtu" na "nchi" ile "m" au "n" ni silabi kamili na mtunzi mzuri ameipa nota yake: iimbwe kwenye sauti iliyoandikwa, isiguswe tu na kupitwa. Na ukiwa na wimbo wa Ulaya uliotiliwa maneno ya Kiswahili, utakuta mkazo wa muziki unaangukia silabi isiyostahili, kama "fu" katika "furaha". Muziki huwezi kuubadilisha, lakini unaweza kuilegeza "fu" na kuipa "ra" uzito kidogo, na neno litarudi kuwa neno.

Kisha lafudhi. Katika kwaya ya Nairobi kuna watu wa nyumba nyingi, na kila nyumba ina namna yake ya kutamka "r" na "l", "sh" na "s", "b" na "mb". Kubalianeni matamshi ya kwaya tangu wiki ya kwanza, muyafanyie mazoezi kwa kusoma maneno kwa mdundo bila sauti ya wimbo, na msimcheke mtu. Wimbo ukiwa wa Kiluo, Kikamba au Kitaita, mpe mwanakwaya aliyezaliwa na lugha hiyo dakika kumi za kufundisha maneno na maana yake. Hata kama ni mdogo kuliko wote, siku hiyo yeye ndiye mwalimu. Kwaya inayoelewa inachoimba huonekana usoni.

*Sauti kushuka.* Ugonjwa mkubwa wa kwaya inayoimba bila kinanda ni kuanza kwenye G na kumaliza karibu na F kali. Sababu kubwa huwa pumzi, uchovu, na kutosikilizana. Lakini kuna mahali mahususi pa kutafuta. Nota inayorudiwa mara nyingi hushuka kidogo kila mara: waambie waifikirie inapanda. Kifungu kinachoteremka, la so fa mi, huteremshwa kwa hatua ndefu mno: waambie hatua ziwe fupi. Mi na ti zikiwa chini, wimbo wote hunyong'onyea, kwa hiyo waziimbe nota hizo mbili juu kidogo kwa makusudi. Dawa nyingine ni kuimba wimbo mzima kwa sauti ndogo sana, bila kushusha nota. Hapo kila mtu analazimika kumsikia jirani, na mara nyingi tatizo huisha bila neno la ziada. Na wakati mwingine ufunguo wenyewe ndio unaoumiza: panda nusu hatua, jaribu tena.

*Mpangilio wa kusimama.* Teno wakiwa wachache, wasimame mbele katikati, na si nyuma pembeni walikozoea kufichwa. Besi wasimame nyuma ya soprano, kwa kuwa besi ndiyo msingi ambao soprano anahitaji kuusikia ili asipotee. Kuanzia wiki ya nane, jaribuni kusimama mmechanganyika, kila mtu akiwa na jirani wa sauti nyingine pande zote mbili. Mwanzoni ni vurugu. Baada ya nusu saa utajua nani anaijua sauti yake na nani alikuwa anamfuata jirani.

*Ngoma na miondoko.* Nyimbo za kwetu zenye kayamba, isukuti au ngoma hupendwa, na ndizo zinazoharibika kirahisi. Hatua za miguu zifundishwe pamoja na wimbo tangu wiki ya tatu, maana mwili uliojifunza wimbo umesimama wima hukataa kuucheza baadaye. Mpiga ngoma ahudhurie mazoezi kama mwanakwaya mwingine yeyote. Mwambie asikilize maneno: pale usipoyasikia maneno, yeye ndiye anayepaswa kupunguza. Katika ukumbi wenye mwangwi apige kwa viganja karibu na ukingo, au mtandike kitambaa. Mwanzilishi, yule anayeuanzisha wimbo peke yake na kwaya ikamwitikia, awe na mbadala anayejua kila kitu, kwa sababu sauti ya mtu mmoja inaweza kukauka Ijumaa usiku.

*Stamina.* Wengi wetu tulilelewa na Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, na lilitufunza usahihi ambao naushukuru hadi leo. Ila mashindano ni wimbo mmoja au miwili iliyochongwa muhula mzima. Onyesho ni saa moja na nusu ya kusimama. Mwimbaji aliyezoea mashindano hutoa vyote katika wimbo wa kwanza na kufika wa nane sauti imekwisha. Ndiyo maana wiki ya 10 na 11 mwimbe programu yote bila kusimama, makosa yakiwemo, mkiwa mmesimama wima na viatu mtakavyovaa. Rekodi, sikiliza nyumbani, andika mambo matano tu ya kurekebisha. Ukiandika thelathini hutarekebisha hata moja.

*Wewe mwenyewe.* Vuta pumzi na kwaya yako kabla ya kila mwanzo, kwa kuwa watapumua kama unavyopumua. Jua maneno yote kwa moyo ili macho yako yawe kwao. Mkono unaokata sauti uonyeshe konsonanti ya mwisho inaangukia wapi. Punguza maneno. Katika mazoezi mazuri kwaya inaimba zaidi ya mwalimu anavyosema.

Hatua ya 6: Afya, pesa, sare

Sauti hutunzwa kwa maji na usingizi. Tangawizi na asali hutuliza koo na hakuna ubaya, lakini unachokimeza hakipiti juu ya nyuzi za sauti, kwa hiyo mtu aliyekauka sauti asidhani chai itamponya jioni hiyo hiyo. Anyamaze, anywe maji siku nzima, apumue mvuke. Asinong'one: kunong'ona kunaweza kuchosha sauti vilevile.

Pesa zipite mahali pamoja, namba moja ya M-Pesa inayojulikana, na mweka hazina atume hesabu kwenye kundi kila mwisho wa wiki. Bajeti iwe na ukumbi, mpiga kinanda, mitambo, vibali, uchapishaji, maji, mlinzi, na nauli za wale ambao bila kusaidiwa hawatafika. Lipeni gharama za lazima kwa michango mliyo nayo mkononi, na tiketi mzihesabu zikishauzwa.

Sare si lazima ishonwe mpya. Nguo nyeusi ambayo kila mtu anayo, na kipande cha kitenge kimoja, skafu kwa wanawake na tai kwa wanaume, hupendeza kuliko gauni la mkopo. Waivae mara moja kabla na wainue mikono.

Hatua ya 7: Mpangilio wa nyimbo na zoezi la ukumbini

Anza na wimbo mnaoujua hata usingizini. Wimbo mgumu kuliko wote uwe wa pili au wa tatu, sauti ikiwa moto na bado haijachoka. Kabla ya mapumziko wekeni kitu kinachowaacha watu wakizungumza. Baada ya mapumziko, ngoma. Funguo za nyimbo zinazofuatana zisigongane, na nyimbo mbili za pole zisifuatane isipokuwa una sababu.

Kisha hotuba. Mgeni wa heshima akikaribishwa jukwaani bila mpaka, kwaya itasimama dakika ishirini ikipoa. Andikeni dakika zake kwenye programu, mshereheshaji awe na nakala, na mgeni aongee kabla ya mapumziko, kwaya ikiwa imeketi.

Siku ya ukumbini, karibu na siku ya onyesho iwezekanavyo, msifundishe chochote. Fanyeni kuingia na kutoka, nani mbele nani nyuma, nani anabeba kayamba. Mwachie msaidizi wako aongoze nyimbo mbili, wewe ukae kiti cha mwisho kabisa. Utashangaa ni konsonanti ngapi hazifiki. Kumbuka ukumbi mtupu huvuma zaidi kuliko uliojaa, kwa sababu miili na nguo hunyonya sauti. Usibadilishe mwendo wa nyimbo kupita kiasi kwa kuogopa mwangwi wa siku hiyo.

Kuhusu mitambo, kwaya ya watu arobaini katika ukumbi wa wastani haihitaji vipaza sauti. Vikihitajika, viwe viwili au vitatu, virefu, mbali kidogo mbele ya kwaya, vichukue sauti iliyokwisha kuchanganyika. Ukiwapa waimbaji vipaza vya mkononi, wasikilizaji watasikia watu wanne na si kwaya. Kaa na fundi mitambo, mwambie anachotafuta ni maneno kusikika, si ukumbi kutetemeka. Muulize pia kuhusu jenereta, na mpiga kinanda awe na kinanda kinachotumia betri.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Siku mbili kabla, hakuna mazoezi. Siku yenyewe watu wafike saa mbili kabla ya kuanza, na wanaotoka mbali wapange usafiri pamoja. Wale chakula chepesi, mapema. Pasheni sauti dakika 15, kwa utulivu, bila kuimba programu. Imbeni mistari ya kwanza ya kila wimbo tu, ili mwanzo usimshangaze mtu. Simu zibaki kwenye mikoba, mikoba ibaki na mtu mmoja anayejulikana.

Wakiingia, watembee kwa mwendo mmoja na wasimame bila kutafutana kwa macho. Doh itolewe kwa sauti ndogo, kila sauti iivume, wewe usubiri hadi ukumbi utulie. Usiogope kimya hicho hata kikirefuka. Wimbo ukiharibika katikati, endelea kuonyesha mdundo kwa mkono mkubwa na ulio wazi na uwatazame besi. Wakirudi wao, wengine watarudi. Uso wako usimlaumu mtu jukwaani. Ukilazimika kusimamisha wimbo, simamisha mara moja, toa doh, anza upya, bila maelezo kwa wasikilizaji.

Kabla watu hawajatawanyika usiku huo, mlipe mpiga kinanda na fundi mitambo, kusanya nakala zote ukiwa na orodha mkononi, na hakikisha kila mwanakwaya ana njia ya kufika nyumbani. Mweka hazina atoe hesabu ndani ya wiki. Mazoezi ya kwanza yanayofuata yawe ya kusikiliza rekodi ya onyesho pamoja, mmekaa, chai ikiwepo, kila sauti ikijisemea yenyewe ilipofanya vizuri na inapotaka kazi, na mwandishi akiandika.